Uzi: Naiunda Liemba ya sentimita 44 kwa ajili ya ubao wangu wa reli ya Kigoma, kwa mikono, kuanzia sifuri

Mwana wa Gungu (#1)

Wakuu, habari za jioni.

Baadhi yenu mnaukumbuka ule ubao wangu wa reli ndogo ya modeli. Mita 1.8 kwa sentimita 60, upo juu ya kabati sebuleni, mama watoto keshauzoea kama mgeni aliyekuja kwa siku mbili akakaa mwaka. Stesheni ya Kigoma ipo na matao yake. Miembe ipo (sponji ya kuoshea vyombo, ichane, ichovye kwenye rangi). Reli inashuka mpaka gatini. Na pale gatini mwaka mzima kulikuwa na rangi ya bluu tu. Kila mgeni anaweka kidole: "Na hapa je?" Najibu: "Hapo ziwa." Anasema "aah" halafu anarudi kutazama treni.

Nimechoka. Naiunda Liemba, ile meli kongwe ya Ziwa Tanganyika.

Kwa wasioijua habari yake: meli hii na reli ile ni ndugu wa tumbo moja. Reli ya Kati ilifika Kigoma Februari 1914. Meli iliundwa Papenburg, Ujerumani, kwenye yadi ya Meyer, mwaka 1913, ikaitwa Graf von Goetzen, jina la gavana wao wa zamani. Ikafunguliwa vipande vipande, ikaingia kwenye makasha yapatayo 5,000, ikaja Dar es Salaam kwa bahari, ikapanda treni mpaka ziwani. Yaani Liemba yenyewe ilikuja Kigoma kama vile vifurushi vya modeli vya kuunga nyumbani, ila vipande vyake vilitaka winchi. Mafundi watatu kutoka Papenburg walisimamia kuiunga upya, ikaingia majini Februari 1915. Julai 1916 Wajerumani wakaizamisha kwa mikono yao walipokuwa wanaondoka, mashine wamezipaka grisi nzito. Waingereza wakaiinua 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Miaka ya 70 mvuke ukatolewa, ikawekwa dizeli. Mimi naiunda ile ya mwishoni mwa miaka ya 80, kabla ya ukarabati wa 1993, kwa sababu ndiyo niliyoiona nikiwa nimening'inia kwenye fensi ya bandari.

Sasa hesabu. Ubao wangu ni 1:160, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 160, lakini reli ninayotumia ni ya Z, aina mojawapo ya reli ndogo za modeli, upana milimita 6.5. Piga 6.5 mara 160 unapata 1,040. Reli yetu ya zamani ni milimita 1,000. Tofauti ya sentimita 4 kwenye kitu halisi, na hakuna jicho litakaloiona kwenye ubao. Liemba ina urefu wa mita 71.4 na upana wa mita 9.9. Gawa kwa 160: sentimita 44.6 kwa 6.2.

Nikaenda kupima gati langu. Sentimita 38.

Hapo ndipo nilipokwama wiki nzima. Kuna njia ambayo watu wengi wa modeli huifuata: unaipunguza meli. Unakata katikati, unaondoa madirisha sita, unabaki na sentimita 34, inaingia vizuri na mgeni hajui. Nilichora kwenye kadibodi, nikaikata, nikaiweka. Halafu nikasogeza behewa moja la mizigo kando yake, na uongo ukaonekana papo hapo. Behewa langu ni sentimita 8. Liemba ya kweli ni kama mabehewa matano na nusu yakiwa yamefungwa pamoja. Ile ya kadibodi ilikuwa manne na kidogo, na ghafla nikawa naangalia kivuko. Siyo ile meli iliyokuwa inaziba ziwa lote ukisimama pale chini.

Kwa hiyo haipunguzwi. Naomba mawazo kuhusu gati, nami nitaleta mrejesho wa bodi ya meli kesho.

Mla Ugali Mkavu (#2)

Mtu mzima na ndevu zake anajenga midoli. Nchi hii ina watu wenye muda.

Mwana wa Gungu (#3)

Mkuu, wewe kila Jumamosi unagombana na shemeji yako kwa ajili ya timu ya Uingereza ambayo hata kocha hajui kama upo. Niache na mdoli wangu.

Fundi Kalafati (#4)

Assalaam alaykum. Mimi ni mtu wa Unguja, babu alikuwa fundi wa majahazi, mimi nauza spea za boti, ila mikono bado inawasha.

La gati lisikusumbue, ndugu yangu. Chombo si lazima kiishie pale gati linapoishia. Kitoe omo (mbele) au tezi (nyuma) nje ya gati sentimita sita, funga amari mbili, zile kamba nene za chombo, moja mbele moja nyuma, na moja ya kati ivutike kinyume. Ndivyo vyombo vinavyolala duniani kote, gati fupi chombo kirefu. Tena kikizidi gati ndipo kinapoonekana kikubwa.

Swali langu: umeweka maji wakati gani? Maana kwetu chombo gatini hupanda na kushuka. Maji yakijaa sitaha iko juu ya gati, yakipwa unashuka kwa ngazi. Bamvua, yale maji makubwa, ndiyo usiseme. Lazima uamue ni saa ngapi, ndipo ujue ubavu utokeze kiasi gani.

Mwana wa Gungu (#5)

Fundi, waalaykum salaam. Hilo la kuizidisha nje ya gati limeniokoa shilingi na ndoa, nilikuwa nafikiria kurefusha ubao kuelekea kwenye televisheni.

Kuhusu maji: ziwa halina kujaa na kupwa kama bahari. Linapanda na kushuka kwa misimu na kwa miaka. Kwa hiyo nachagua mwaka, sichagui saa. Ila umenikumbusha kitu kikubwa zaidi, mzigo. Meli ikiwa imejaa inakaa chini, ikiwa tupu inanyanyuka na ile rangi ya chini inaonekana. Yangu itakuwa inapakia, kwa hiyo nusu kwa nusu.

Mwana wa Gungu (#6)

Mrejesho wa bodi. Huu nauandika kwa aibu kidogo.

Kwanza vipimo. Sina michoro ya yadi. Nina picha. Picha ya meli ni ushahidi mzuri ikiwa imepigwa kutoka mbali na kutoka ubavuni sawasawa. Ikipigwa karibu, ule upande uliokuwa jirani na kamera unavimba na ule mwingine unanywea, ukipima utapata meli ya ajabu. Niliipata moja nzuri, nikaichapisha kwa urefu wa sentimita 21.5. Meli yangu ni 44.6. Gawa, unapata 2.07. Basi kila kitu kwenye picha nakipima kwa rula, nazidisha kwa 2.07. Dohani kwenye picha ni sentimita 1.6, kwangu inakuwa 3.3.

Halafu nahakikisha kwa binadamu. Mtu wa mita 1.7 kwenye 1:160 ni milimita 10.6. Mlango mdogo wa meli, kama 12. Uzio wa sitaha wa mita moja ni milimita 6 na robo. Nikitoka kwenye picha na mlango wa milimita 17, najua nimekosea mahali, maana hakuna jitu lililowahi kusafiri na Liemba.

Nimeunda sehemu ya juu ya maji tu. Mkuku na rafadha za chini ya maji hazinihusu, ubao wangu wa ziwa ni bapa. Kutoka mstari wa maji mpaka sitaha nilikadiria milimita 15. Wazo langu la kwanza lilikuwa kadibodi: kata umbo la meli mara nyingi, bandika tabaka juu ya tabaka kama chapati kwenye sahani, halafu piga msasa. Kadibodi ni ya bure, maboksi ya friji yamejaa mtaani.

Nikabandika tabaka nane kwa gundi nyeupe ya mbao. Jumapili usiku. Masika ya Dar. Asubuhi meli ilikuwa imepinda kama ndizi ya kuchoma, omo na tezi zimenyanyuka, katikati imekaa. Mwanangu akasema: "Baba, imetabasamu."

Sababu naijua sasa: gundi ile ina maji, kadibodi inayanywa upande mmoja inavimba, upande wa pili mkavu, basi inajikunja. Na nilikuwa naweka tabaka zote mfululizo bila kuzigandamiza.

Mara ya pili nimetumia plaiwudi ya milimita 3, vipande vitano, vinafika 15 kamili. Vipande vilivyobaki kwa fundi wa makabati, kanipa bure kwa sharti nisimwambie ni vya nini. Kata kwa msumeno mwembamba, acha milimita moja nje ya mstari. Gundi nyembamba pande zote mbili, sio upande mmoja. Halafu tofali mbili juu, siku nzima, usichungulie. Nilichungulia mara moja tu.

Kazi iliyobaki ni omo. Katikati ya meli ni kama boksi, hata mtoto ataliunda. Lakini omo linapanda, na ubavu unajifungua kwenda juu huku chini ukibaki mwembamba kama kisu. Jicho la mtu linaenda hapo kwanza. Nimepiga msasa namba 80, halafu 120, halafu 240, nikashika juu ya dirisha niangalie kivuli, nikapiga tena. Saa sita kwa omo peke yake. Pale nilipokula sana nimeziba kwa puti ya magari, ile wanayochanganya na dawa nyekundu ya kugandishia.

Dada wa Elbe (#7)

Hongera sana kaka! Mimi niko Hamburg, ndiye niliyekutumia zile reli za Z (bado nakudai picha ya mwembe).

Nikuonye kuhusu jambo moja kabla hujalifikia. Utashawishika kuweka maji ya kweli. Hapa Hamburg kuna Miniatur Wunderland, maonesho makubwa ya modeli, wana eneo la Skandinavia lenye maji ya kweli lita kama 30,000 na meli zinazotembea, na wao ni 1:87. Linapendeza kwa ukubwa wake. Ila ukisogea karibu unaona: maji hayakubali kupunguzwa. Tone ni tone. Wimbi dogo kabisa likigusa meli ya sentimita 44 linakuwa kama tufani, na maji yanapanda kidogo kwenye ukingo wa bodi kama chai kwenye kikombe. Kwenye 1:160 itakuwa mbaya zaidi. Baki na maji ya rangi.

Mwana wa Gungu (#8)

Dada, nimekuelewa. Na mama watoto anakushukuru, kabati lina redio ndani.

Mpima Nywele (#9)

Nafuatilia. Mimi nina swali, umesema utaweka riveti, ile misumari yenye vichwa ya kuungia mabamba? Mahali fulani kwenye uzi wako wa zamani uliahidi "riveti zote".

Mwana wa Gungu (#10)

Ndiyo mkuu. Liemba ni mabamba ya chuma yaliyopigwa riveti mwili mzima, hakuna mtu asiyezikumbuka, ukiegemea ukuta zinakuachia alama mgongoni. Nimepata kile kigurudumu chenye meno cha fundi cherehani, kile cha kuhamishia mchoro kwenye kitambaa. Nataka nikibingirishe nyuma ya karatasi ngumu, upande wa pili zinatoka chunusi.

Mpima Nywele (#11)

Usifanye hivyo. Kichwa cha riveti tuseme ni sentimita 2.5. Gawa kwa 160, unapata milimita 0.16. Kigurudumu cha cherehani kinatoa chunusi ya karibu milimita moja, yaani riveti yenye upana wa sentimita 16, kubwa kama sahani ya chai. Na meno yake yana nafasi ya milimita 2 au 3, kwa hiyo riveti moja kila sentimita 40. Meli hiyo inavuja.

Weka mabamba tu. Kata karatasi ngumu vipande, bandika kila kimoja kikipanda kidogo juu ya mwenzake. Ukipaka rangi, ile mistari ya kupandiana itaonekana, na akili ya mtazamaji itaweka riveti yenyewe.

Mwana wa Gungu (#12)

Nimekaa kimya siku mbili kwa hasira, halafu nimejaribu vyote viwili kwenye kipande cha plaiwudi. Uko sahihi. Ile ya kigurudumu ilionekana kama tunda la stafeli.

Kwa wanaouliza karatasi gani: kadi za michango ya harusi. Sitanii. Nina droo nzima, unene ni kama robo milimita, hazinyonyi gundi kwa haraka na upande mmoja unang'aa. Ubavu wa kushoto wa Liemba yangu ni send-off mbili na kitchen party moja. Nimezikata vipande vya milimita 9 kwa 35, nikaanza kutoka tezi kwenda omo ili mdomo wa kila bamba uangalie nyuma.

Madirisha ya duara: milimita 2, nimetoboa kwa keekee ya mkono baada ya kubandika. Nilitoboa kwa mashine mara ya kwanza, kadi ikachanika. Kabla ya kutoboa dondosha tone la supa gluu kwenye alama, liache likauke, kadi inakuwa ngumu kama plastiki, tundu linatoka safi.

Ja-Kisumu (#13)

Sasa wakuu. Huu uzi nimeupata nikitafuta mambo ya MV Uhuru. Mimi najenga hiyo, ile ya Kisumu inayobeba mabehewa ndani. Uhuru na Umoja ziliundwa miaka ya 60, reli iko juu ya sitaha, behewa linaingia kwa nyuma, na safari ni Kisumu, Mwanza, Port Bell. Mimi niko 1:87 na reli ya milimita 12.

Shida yangu ni lile daraja la kupandia. Behewa likifika pale daraja linapokutana na meli, linainama na kuruka reli. Nimekuwa nikilaani hii kitu mwezi mzima. Mwana wa Gungu, una bahati kwa vile yako haitembei na haimezi behewa.

Mwana wa Gungu (#14)

Ja-Kisumu karibu sana. Refusha daraja. Kama lako ni sentimita 15, jaribu 25, mteremko unakuwa mpole. Na zile ncha za reli zipige tupa kwa ndani kidogo, behewa liingie kama kwenye faneli. Fungua uzi wako bwana, huo ni mnyama mkubwa kuliko wangu.

Ja-Kisumu (#15)

Nimefanya 24. Imepita mara tisa kati ya kumi. Ile ya kumi iliingia ziwani, lakini ilikuwa ni paka.

Mwana wa Gungu (#16)

Mrejesho wa juu ya sitaha. Vyumba nimevijenga kwa kadi na plastiki ya vikombe vya mtindi. Dohani ni kalamu ya mpira iliyokwisha wino, nimeizungushia kadi mpaka ikafika unene. Winchi ya mbele, pale kwenye ngama ya mizigo, ni kijiti cha mshikaki kilichosagwa mpaka milimita moja na nusu.

Hasara ya wiki: nilitaka vilima vya nyuma ya bandari vionekane vizuri, nikachonga kwa foamu nyeupe ya kufungia televisheni. Nikaenda duka moja la rangi hapa mtaani, nikamweleza kijana kabisa kwamba ni foamu, akanipa kopo la kupulizia, "hii inashika kila kitu". Ilishika. Kilima kilianza kuzama mbele ya macho yangu kama sukari kwenye chai, tena kwa sauti, chss. Kimebaki na mashimo, kinafanana na ubongo. Jamani, rangi za kupulizia zina kimiminika kinachoyeyusha foamu. Pakaa kwanza gundi nyeupe mara mbili ikauke, au tumia rangi ya maji ya ukutani.

Sasa nimekwama kwenye uzio wa sitaha. Milimita 6, ngazi nne za chuma chembamba, kuzunguka meli yote. Nimejaribu uzi na vijiti vya meno, ukaonekana kama fensi ya ng'ombe.

Dada wa Elbe (#17)

Huku wanauza uzio wa shaba uliokatwa tayari, ila bei yake utadhani ni wa meli ya kweli. Jaribu chandarua. Kigumishe kwa gundi iliyochanganywa na maji.

Mpima Nywele (#18)

Chandarua hapana. Angalieni matundu ya chandarua kwa karibu: yana pembe sita. Utakuwa umezungushia meli wavu wa kuku.

Fundi Kalafati (#19)

Mwenzangu kasema kweli. Tumia ule wavu wa mbu wa dirishani, wa waya. Ule ni wa miraba, umefumwa. Tundu ni kama milimita moja na nusu, basi tundu nne zinakupa sita zako. Kata ukanda wa tundu nne, halafu kwa sindano chomoa nyaya za kusimama, acha moja toa moja, au toa mbili uache moja. Zinazolala zisiguswe. Ukimaliza dondosha supa gluu nyembamba kwenye kila kiungo ili isifumuke. Kazi ya usiku mmoja na redio.

Na kamba zako za kufungia chombo usitumie uzi mtupu wa cherehani. Una manyoya, kwenye kipimo hicho kila nywele ni kamba ya nazi iliyochakaa. Pitisha uzi kwenye nta ya mshumaa mara tatu, halafu vuta kati ya vidole karibu na moto (si juu ya moto!), unalala laini. Tena amari haikazwi kama gitaa. Iache ilegee kidogo katikati, uzito wake wenyewe uivute. Uzi hauna uzito huo, kwa hiyo ipinde kwa kidole ikiwa nta bado ya moto.

Mwana wa Gungu (#20)

Fundi, Mungu akuzidishie. Nimetoboa dirisha la stoo, nimekata, nimechomoa. Nimeuweka. Niliita watu wote nyumbani waje waone uzio. Wamekuja, wamesema ni mzuri, wameondoka. Nimebaki nao peke yangu nusu saa.

Mutoto ya Kalemie (#21)

Jambo bandugu. Mimi ni wa ngambo ingine ya ziwa, Kalemie. Kwetu pia reli inafika mupaka ku maji. Nauliza: hii ziwa yako ni rangi gani? Mimi naona watu wanapaka bleu ya piscine. Tanganyika haiko vile.

Mwana wa Gungu (#22)

Ndugu yangu wa ng'ambo, umenipata pabaya, maana yangu ilikuwa hiyo hiyo ya bwawa la kuogelea.

Nimeipaka upya jana. Kule mbali bluu nzito inayokaribia weusi, maana ziwa letu lina kina cha kutisha. Karibu na gati kijani chenye uchafu kidogo, kahawia ya chai kwenye kona zenye takataka. Usichore mstari kati ya rangi na rangi, zichanganye zikiwa mbichi kwa sponji. Juu yake nimelaza karatasi ya chooni ya tabaka moja, nikaibonyeza kwa brashi iliyolowa gundi nyeupe na maji, mikunjo midogo ikabaki kama viwimbi. Mikunjo iwe midogo mno, pale ni ndani ya ghuba, sio Cape Town. Ikikauka rangi juu tena, halafu vanishi inayong'aa mara nne, kila moja siku yake. Haraka hapa inaleta ukungu mweupe, hasa mvua ikinyesha.

Meli inang'oka, kwa sababu ubao huu huwa unahama sikukuu zikija. Nimechimba ziwa milimita moja na nusu kwa umbo la meli ili ikae ndani ya maji, isikae juu yake kama sabuni kwenye sinki. Sumaku mbili za spika mbovu chini, misumari miwili ndani ya bodi. Ule ufa mwembamba unaobaki kuizunguka nimeupaka vanishi kwa kijiti huku meli ikiwa imevikwa nailoni ya mkate. Ikikauka unaichomoa, nailoni unavua, meli inarudi na maji yanagusa ubavu kote.

Mpima Nywele (#23)

Hilo la nailoni ya mkate naliiba.

Mwana wa Gungu (#24)

Wakuu, imekamilika, au nilidhani imekamilika. Mama yangu amekuja kutoka Kigoma kwa ajili ya kliniki ya macho. Nilimwambia asubiri, nikazima taa ya sebule, nikawasha zile za gatini.

Mama alifanya biashara miaka ishirini pale. Dagaa wakavu na mawese, kutoka vijiji vya ziwani kuja Kigoma kwa meli, kutoka Kigoma kwenda Tabora kwa treni. Alivaa miwani, akainama. Akaitazama meli muda mrefu, akagusa winchi kwa ncha ya kucha. Nikasubiri aseme kitu kuhusu omo.

Akasema: "Na mawese yangu yako wapi?"

Kweli. Nina gati safi kama hospitali. Hakuna gunia, hakuna dumu, hakuna hata mtu mmoja anayegombana. Kwa hiyo naombeni msaada wa mwisho: dumu la lita 20, la njano. Kwenye kimo cha sentimita 40 linakuwa milimita 2.5. Mama anasema hawezi kukubali chini ya sitini, huo ndio ulikuwa mzigo wake wa kawaida. Nimejaribu kukata plastiki ya dumu la kweli, vipande vinaruka hovyo, kimoja kimeingia kwenye chai yake.

Fundi Kalafati (#25)

Waya wa umeme wa njano. Chomoa shaba, baki na ganda. Tia kijiti cha meno kilichochongwa ndani lisibonyee, pasha kidogo kwa mvuke wa birika, libane kwa koleo lipate pembe nne. Likipoa kata kwa wembe mpya kila milimita mbili na nusu, ukifunika kwa kidole kisiruke. Kifuniko ni tone la rangi nyeusi kwa ncha ya sindano, pembeni, si katikati. Mkono wa dumu usiuweke, hauonekani.

Na msalimie mama. Mwambie dumu za mawese hazipangwi kwa mstari kama askari, baadhi zilale.

Mwana wa Gungu (#26)

Nimekata arobaini na moja. Mama amezihesabu kwa miwani, na amesema zimepungua kumi na tisa, na moja inavuja.

Kaniambia nipake tone la rangi ya chungwa chini yake. Nimepaka.